Silabi Iliyochelewa

Kuanzia Kyela mjini mpaka Matema, mtu akiharibikiwa na redio, simu, pampu ya maji au betri ya sola, ataambiwa amtafute Ambilikile. Karakana yake haina kibao. Watu huifuata kwa masikio, maana mle ndani muda wote kuna redio tatu nne zinazoongea kwa pamoja, moja habari, nyingine kwaya, nyingine inakoroma tu ikisubiri kutibiwa. Mwenyewe ni mtu wa miaka hamsini na miwili, mrefu, mwenye macho ya upole na mkono usiotetemeka hata akishika waya mwembamba kama unywele. Amesifiwa tangu ujana. Labda ndiyo sababu ilimchukua muda mrefu kuzoea kuwa yeye pia anaweza kuwa na kosa.

Ufundi hakuusomea darasani. Alianza kama mbeba spana kwenye mashamba ya mpunga ya Ngana, chini ya fundi pampu aliyeitwa Hebroni. Hebroni alikuwa mkali. Siku moja katika wiki za kwanza, pampu ilikuwa inavuta maji vizuri, mifereji imejaa, wakulima wanacheka, naye akaja akaizima. Ambilikile akashangaa.

"Tata," akamwita, yaani baba, "mbona maji yanatosha?"

Hebroni akamwonyesha kipimo cha mgandamizo kwenye bomba. "Ulikuwa unatazama wapi? Sindano ilikuwa inacheza."

"Lakini ilikuwa inacheza palepale katikati, kwenye alama nzuri."

"Bomba halipasuliwi na alama ya katikati," Hebroni alisema. "Linapasuliwa na mshtuko. Maji yakija kwa kurukaruka, kila ruko ni nyundo kwenye kiungo. Wastani ni mpole, mwanangu, hausemi ubaya wa mtu. Wewe tazama sindano."

Wakafungua pampu wakakuta vali imelika. Tangu siku hiyo Ambilikile alijua jambo ambalo mafundi wengi hulijua wakiwa wazee: kwamba kitu kinaweza kuwa kingi na kizuri kwa hesabu ya siku nzima, na bado kikaua kwa sababu hakiji sawasawa. Alilikuta tena kwenye redio, chaja ya bei rahisi inapotoa umeme unaotetemeka na spika ikanung'unika. Alilikuta kwenye mitandao ya kompyuta, ambako wataalamu wamelipa jina, wanaliita jita: vipande vya sauti vinatumwa kwa mpangilio, lakini kimoja kinafika mapema, kingine kinachelewa, na kilichochelewa kinatupwa. Kwa hiyo hawezi kusema kwamba hakujua. Hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Miaka michache iliyopita, shirika moja la afya lenye hospitali upande wa tambarare lilifungua zahanati Isyeto, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Nyasa, mbele ya Matema. Gari halifiki huko. Unakwenda kwa boti, au kwa miguu kwenye kijia cha mawe. Simu za kawaida hazishiki, milima imeziba kila kitu. Shirika likamwomba Ambilikile aunganishe zahanati na hospitali kwa mtandao wa redio, antena mbili zikitazamana juu ya maji, ili muuguzi aweze kuongea na daktari wakati wowote.

Alikwenda kupima mahali. Kule juu ya zahanati kuna mwamba mkubwa, mwendo wa nusu saa kwa kupanda. Aliukwea, akatazama ng'ambo, akasema moyoni, hapa ndipo. Antena ikikaa chini karibu na maji, mawimbi ya redio hupita njia mbili: mengine moja kwa moja, mengine yakigonga uso wa ziwa na kuruka. Ziwa likitulia, hayagombani. Likichafuka, yanagombana, na kila yakigombana kipande cha sauti kinapotea na kutumwa upya. Juu ya mwamba ugomvi ule ungepungua sana. Aliandika hivyo kwenye daftari lake kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini siku ya kufunga mitambo, mvua za Kyela zilikuwa zimeanza, mwamba unateleza, mabomba ya mlingoti ni mazito, na Jumamosi yake kulikuwa na harusi ya mdogo wake. Akafunga antena kwenye paa la zahanati. Akapima. Kasi ilikuwa nzuri kuliko alivyotarajia.

"Inatosha," akasema, na kushuka botini.

Muuguzi wa Isyeto aliitwa Veronika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mchapakazi, mwenye tabia ya kurudia kila anachoambiwa ili asikosee. Wanakijiji walimwita sista, kama wauguzi wote wanavyoitwa. Yeye na Ambilikile wakawa wanataniana. Kila alipokwenda kukagua betri, Veronika alimwekea samaki wa kuchoma na ndizi, na alimwita kaka Ambi.

Ilipita miezi sita. Siku moja Veronika akamwambia, "Kaka Ambi, mtambo wako una kigugumizi."

"Kigugumizi gani?"

"Mchana, mwera ukianza kuvuma, maneno yanamezwa. Siyo kwamba yanakatika, hapana. Nasikia neno zima, lakini ukilichunguza, kama kuna kitu kimetolewa katikati."

Ilikuwa asubuhi. Ziwa limelala kama kitambaa kilichopigwa pasi. Ambilikile alifungua kompyuta yake, akapima kasi, akapima upotevu, vyote vizuri. Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na mstari mwingine, ule wa mtikisiko, yaani jita, wenye kumbukumbu za wiki nzima. Aliuona. Kila alasiri ulipanda juu kama meno ya msumeno. Akaufunga ukurasa.

"Mtandao mzima, sista," alisema. "Pengine mnaongea haraka mno. Ongeeni taratibu."

Veronika akacheka kidogo, akasema, "Basi nitamwambia daktari apunguze mwendo," na akamwongezea samaki.

Tuseme ukweli, hakuwa na nia mbaya. Alijiambia kwamba kiangazi kikija, mwamba ukikauka, atarudi kuihamisha antena. Kiangazi kikaja, akawa na kazi za sola kijijini Talatala. Aliahirisha.

Kisha ikaja Jumanne moja ya mwezi wa Julai. Mwanamke wa Isyeto aitwaye Beatrice, mfinyanzi wa vyungu, mimba yake ikiwa ya miezi minane, alianza kutokwa na damu. Veronika akampigia daktari wa zamu, Daktari Godlove, saa tisa alasiri. Ziwa lilikuwa limechafuka, mwera unavuma, mawimbi yanapiga mawe ya ufukweni mpaka povu linaruka ukutani. Daktari aliwaza haraka: boti za wavuvi pale ni ndogo, mgonjwa atarushwarushwa. Hospitali ilikuwa na boti kubwa ya wagonjwa iliyowekwa Matema. Akasema, "Mgonjwa asipandishwe boti. Mlaze, mwekee dripu, nakuja na damu."

Kwenye spika ya Isyeto kikatoka kitu kingine. Kipande kimoja cha sauti, kidogo kuliko kupepesa jicho, kilichelewa kule juu ya maji. Programu haikukisubiri. Na programu hizi hazipendi kuacha kimya, huvuta sauti ya jirani zikaziba pengo, ili msikilizaji asisumbuke. Veronika akasikia: "Mgonjwa apandishwe boti. Mlaze, mwekee dripu, nakuja na damu."

Alifanya alichofundishwa. Akarudia: "Apandishwe boti, alazwe, awekewe dripu?"

Kwa daktari nako mwanzo wa sentensi ulifika umechanika. Alisikia "-pandishwe boti", akajaza mwenyewe kile alichotarajia kusikia. "Ndiyo, hivyo hivyo," akasema. "Upesi."

Beatrice alikataa. Alishika mlango wa zahanati akalia, "Sista, sitaki maji, sitaki boti!" Veronika akambembeleza, kwamba daktari amesema, daktari anakuja kumpokea Matema. Akampandisha boti ya mvuvi, akamfunika kwa mwili wake mwenyewe, dripu mkononi, mpaka mwisho wa safari.

Daktari Godlove alikuwa Matema, ndiyo kwanza wanaisukuma boti ya hospitali majini, alipoona boti ndogo ikija inapanda na kushuka. Aliingia majini na viatu vyake.

"Nani amemtoa huyu?" alipiga kelele. "Si nilisema asitolewe!"

Veronika alimtazama kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ngeni. Beatrice aliokolewa. Mtoto hakuokolewa. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba angepona kama mama angelazwa akasubiri, daktari mwenyewe hakusema hivyo. Lakini ni mzigo ambao ulilazimika kuwekwa kwenye bega la mtu.

Ambilikile aliipata habari kesho yake karakanani, kwa simu. Alizima redio zote. Akafungua kompyuta, akatafuta Jumanne, saa tisa na dakika kumi. Mstari wa mtikisiko ulikuwa umesimama wima. Alikaa akiutazama mpaka mkewe, Marta, akaja na chakula cha mchana.

"Baba Jubilate, kuna nini? Redio zimekufa zote?"

"Ninapumzika masikio," alisema.

Shirika likaitisha kikao. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtulivu, Felista, aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu. Daktari alieleza alichosema. Veronika alieleza alichosikia. Maneno yao yalitofautiana kwa silabi moja. Mazungumzo hayakuwa yamerekodiwa. Ndipo Ambilikile akaitwa.

"Fundi," Felista alimuuliza, "siku ile mtambo ulikuwa unafanya kazi?"

Alikuwa na kompyuta kwenye mkoba, miguuni pake. Veronika alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, mikono juu ya mapaja, anamtazama kwa matumaini. Ambilikile alifikiri juu ya mwamba, juu ya daftari, juu ya jina lake kutoka mjini hadi Matema.

"Ulikuwa unafanya kazi," alisema. "Wastani wa kasi ulikuwa mzuri. Upotevu haukufika asilimia moja."

"Kwa hiyo maneno yangefika?"

"Kwa wastani, yangefika."

Hakusema uongo hata mmoja. Kila tarakimu ilikuwa ya kweli. Felista aliandika, akashukuru, akamruhusu aende. Wakati anasimama alimwona Veronika akiinamisha kichwa, siyo kwa hasira, ila kama mtu anayeanza kujishuku mwenyewe: labda kweli nilisikia vibaya. Sura hiyo imekaa kwake mpaka leo.

Walimwondoa Veronika Isyeto, wakampangia stoo ya dawa. Kabla hajahama, wiki ileile, Ambilikile alikwenda Isyeto bila kuagizwa na mtu. Alikodi wanaume wawili wakabeba mabomba mpaka juu ya mwamba. Walipokuwa wanapanda, Veronika alitoka nje na kikapu cha vyombo vyake, akasimama.

"Unapeleka nini huko juu, kaka Ambi?"

"Naboresha tu, sista," alijibu bila kugeuka sana.

Veronika akatazama mabomba, akatazama paa la zahanati, akatazama mwamba. Akaingia ndani.

Kazi yote ilichukua saa nne. Alasiri mwera ukavuma, mawimbi yakafoka kama kawaida yao, na kwenye kompyuta mstari wa mtikisiko ukalala chini. Saa nne. Angekuwa amefika harusini kwa mdogo wake na bado angewahi pilau.

Miaka miwili ikapita. Stoo ya dawa haikumkaa Veronika. Aliacha kazi akarudi kwa kaka yake Talatala kulima kakao. Ambilikile alizisikia habari hizo juujuu, hakuuliza. Alianza kuwa mtu wa kupima kupita kiasi. Mteja akileta redio nzima ya kubadilishiwa betri tu, ataikalisha siku tatu akitafuta mtikisiko ambao haupo. Kanisani, mchungaji akisoma matangazo, yeye husikiliza silabi. Marta alimvumilia, kisha uvumilivu ukamwisha.

"Unapoongea nami," alimwambia asubuhi moja, "unasimama katikati ya neno kama unaogopa litaanguka. Ni nini kilichokupata?"

Akamweleza. Hakuwahi kumweleza mtu. Marta alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua mpaka mwisho wa maelezo, kisha akaweka ungo chini.

"Na yule mama yuko wapi sasa?"

"Talatala."

"Na wewe uko hapa," alisema Marta, akasimama akaingia jikoni.

Ambilikile alikwenda Talatala siku ileile. Alimkuta Veronika uani, anageuza mbegu za kakao juani kwenye mkeka, mikono imekuwa ya kahawia mpaka viwikoni. Alikuwa amekonda. Alimsalimu kwa adabu ya Kinyakyusa, mugonile, kwa wingi wa heshima anaopewa mgeni au mkwe, wala hakumwita kaka Ambi. Akamletea kigoda.

Ambilikile hakujua aanzie wapi, akaanza kokote. Alisema habari ya mwamba, ya daftari, ya mvua, ya harusi. Alisema kwamba siku ile Veronika aliposema mtambo una kigugumizi, yeye aliuona ugonjwa kwa macho yake akafunga ukurasa. Alisema kuhusu kikao. "Ulisikia sawasawa, sista. Silabi ilikufa njiani. Haikuwa masikio yako."

Veronika aliendelea kugeuza mbegu.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Siku uliyobeba mabomba. Mtu hahamishi kitu kizima. Nilikaa ndani nikafunga mizigo na nikawa najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Muuguzi aliyeua mtoto anamsingizia fundi?" Alinyoosha mgongo, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nakungoja. Mwezi wa kwanza nilikuwa najua utakuja. Mwezi wa pili nikasema labda una mgonjwa nyumbani. Baadaye nikaacha kuhesabu. Unajua lililoniumiza? Siyo kuondolewa kazini. Kuna siku, pamoja na kujua, nilikuwa nalala na kujiuliza kama kweli nilisikia, na mtu pekee aliyekuwa na jibu alikuwa anatengeneza redio mwendo wa saa moja kutoka hapa."

Ambilikile aliomba radhi. Ilisikika ndogo sana pale uani.

"Nimekusikia," alisema Veronika.

Ambilikile alimpelekea Felista kila kitu: daftari, kumbukumbu za mtambo, na karatasi mbili alizoandika kwa mkono. Kikao kikaitishwa tena. Safari hii alionyesha mstari wa Jumanne, akaeleza polepole jinsi sauti inavyopotea bila msikilizaji kujua kwamba imepotea. Daktari Godlove alisikiliza akiwa ameshika kichwa. "Nami niliitikia 'ndiyo' kwa sentensi ambayo sikuisikia," alisema. Felista alivua miwani.

"Fundi, mimi nilikuuliza swali, ukanijibu swali jingine."

"Ndiyo, mama."

"Ni kosa langu pia. Ningeuliza vizuri zaidi."

Shirika lilimwandikia Veronika barua ya kumsafisha na kumwomba arudi. Agizo jipya likatoka kwamba daktari na muuguzi waseme jambo la hatari kwa maneno mawili tofauti, "abaki, asiondoke," ili moja likipotea jingine lifike. Kazi ya mtambo walimpa fundi mwingine kutoka Mbeya. Ambilikile alimkabidhi funguo na daftari, na hakunung'unika. Mpaka leo hajafunga tena mtambo juu ya ziwa.

Alikuwa amebakiza mtu mmoja wa kumwambia. Alikwenda Isyeto kwa kijia cha miguu, akamkuta Beatrice ameketi kivulini kwa ukuta, chungu kibichi kati ya miguu, anakilainisha mdomo kwa kipande cha kibuyu. Hana mtoto mwingine mpaka sasa. Alimsikiliza bila kuacha kazi, kisha kidole kikateleza, mdomo wa chungu ukapinda.

"Kwa hiyo daktari alisema nisipandishwe?"

"Alisema hivyo, mama."

"Na sista hakusikia hivyo?"

"Hakusikia. Alisikia upandishwe. Kosa ni la mtambo, na mtambo ni wangu."

Beatrice alikifinya kile chungu, akakirudisha kuwa bonge la udongo. "Nilimlaani yule mama," alisema. "Mle botini, akiwa amenilalia anizuie maji yasinipige. Nilimwambia uzazi wake ukauke, na watoto wake wasimzike." Machozi yalimtoka, hakuyafuta kwa sababu ya udongo mikononi. "Wewe sijui nikuambie nini. Siku nikijua nitakutafuta. Lakini nenda kwake umwambie maneno yale nimeyaondoa. Mwambie nimeyaondoa yote."

Ambilikile hakupiga simu. Alirudi kwa miguu mpaka Matema, akalala kwa jamaa, asubuhi akaenda Talatala. Barua ya shirika ilikuwa imeshafika, Veronika alikuwa ameiweka juu ya kabati, ndani ya Biblia. Alisema hatarudi. Mikono yake, alisema, haitaki tena kushika roho ya mtu, inataka kitu kinachoweza kukauka vibaya na kuvunwa tena mwakani.

Ambilikile akampa ujumbe wa Beatrice, neno kwa neno. Alipofika kwenye "nimeyaondoa yote", Veronika aliketi chini juu ya ukingo wa mkeka, kati ya mbegu, akajifunika uso kwa khanga. Alilia kwa muda. Ambilikile alisimama pembeni akiwa na kofia mkononi, hajui kama inafaa aondoke au abaki.

"Ndaga," alisema Veronika mwishowe, kutoka ndani ya khanga.

Ambilikile hakujua kama anashukuriwa yeye au Beatrice, na hakuona kama ana haki ya kuuliza. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Ngana. Akainama, akamsaidia kukusanya kakao kabla mvua haijaanza, wakafanya kazi hiyo mpaka mkeka ukabaki mtupu.